Kwenda Lamu wakati wa kusi na mvua ya mwaka: jipangeni hivi

Kila ikifika Aprili watu wa bara huniuliza swali lile lile, Lamu saa hii iko vipi, tuje ama tungoje Disemba? Mimi huwajibu njooni, lakini msije na mpango wa Disemba. Hapo ndo watu hukosea. Mtu anakuja mwezi wa tano na akili ya Disemba, anataka kutwa alale ufuoni Shela alafu jioni apande jahazi akaangalie jua linatua, sasa mvua inampiga siku mbili mfululizo anarudi kwao anasema Lamu haina kitu. Kitu kipo, ila mwezi wa tano kiko ndani ya mji, na anayekupangia saa zako ni mvua na maji ya bahari. Ukilikubali hilo mapema utaenda vizuri, mengine yote ntakayosema yanatoka hapo.

Mimi ni wa Malindi. Khalati yangu, dada ya mama, ameolewa Langoni, mtaa wa Lamu mjini, tangu sijaanza shule, na shule zikifungwa Aprili tulikuwa tunapakiwa kwenye basi tunapelekwa kwake, kwa hio Lamu niliyoijua mwanzo ni Lamu ya mvua, na mpaka leo ndo ninayoipenda zaidi.

Kwanza ujue misimu, manake ukisema "mvua" kwa ujumla hutapanga kitu. Kaskazi inavuma Disemba mpaka Machi, hapo ni jua, bahari imetulia na watalii wamejaa. Aprili upepo unageuka, inaingia kusi, na pamoja na kusi inakuja mvua ya mwaka, ile wengine wanaita masika. Mei ndo mvua nyingi kuliko miezi yote. Juni inaanza kupungua, alafu mwisho wa Juni mpaka Agosti ni kipupwe, mvua zinapita za rasharasha lakini upepo ni mkali na bahari imechafuka kweli kweli. Baridi msiiogope, hata Julai usiku iko kwenye digrii 23 hivi, ni baridi ya shuka moja, japo khalati atakwambia anaganda na atavaa sweta. Kwa hio chagua. Kama unataka bei ya chini kabisa na vichochoro vitupu, njoo mwisho wa Aprili mpaka mwanzo wa Juni. Kama mvua huiwezi lakini upepo unauweza, njoo Julai. Mimi ningechagua wiki mbili za mwisho za Mei, na najua wengi hawatanielewa.

Jambo moja la kuangalia kabla hujalipa chochote ni kalenda ya Kiislamu. Inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hio miaka hii Idd kubwa inaangukia Mei, yaani katikati ya mvua, na Maulidi ya Lamu yanaingia ndani ya kusi. Wakati wa Maulidi usitegemee mji mtupu wala bei ya msimu wa chini, watu wanatoka Tanzania, Komoro, Mombasa, mji unajaa mpaka watu wanalala misikitini. Ukipenda hivyo ni vizuri sana, zafa na matwari ya msikiti wa Riyadha, yale maandamano na ngoma za mkononi, si kitu cha kuhadithiwa, lakini chumba utafute miezi kabla.

Sasa njia. Ndege inatua Manda, unavuka kwa boti dakika chache unafika mjini, hapo sina mengi, uliza tu kilo wanazoruhusu manake ndege ndogo ni wakali kwa mizigo, na siku ya mawingu mazito ndege inaweza kuchelewa ama kughairishwa, kwa hio usipange kuunganisha na safari nyingine siku hio hio.

Njia ya gari ndo yenye maneno. Kutoka Mombasa unapita Malindi, Garsen, Gamba, Witu, Hindi mpaka Mokowe, zamani ilikuwa vumbi na matope mtupu na mvua ikinyesha basi lilikuwa linalala njiani, siku hizi kuna lami na safari imekuwa fupi sana. Lakini lami haizuii mto. Mwisho wa 2023 na tena 2024 Mto Tana ulifurika, maji yakapita juu ya barabara sehemu za Gamba na magari yakasimama, watu wakawa wanavushwa kwa boti. Na hili ndo nataka mlishike: Tana hauji kwa mvua ya Lamu. Maji yake yanatoka mlima Kenya na Aberdare huko, yanapita kwenye mabwawa ndo yanateremka mpaka Garsen, kwa hio Lamu inaweza kuwa na jua zuri kabisa na khalati anakwambia huku kukavu njoo, kumbe barabara imekatika. Ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba bwawa la Masinga limejaa na linamwaga, hio ni habari yako wewe unayeenda Lamu. Usipande basi kabla hujapiga simu ofisi ya basi na pia kumuuliza mtu aliyeko njiani, wote wawili, manake ofisi wanataka kuuza tiketi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa na kampuni moja ya basi kwamba njia iko sawa, tukafika karibu na Garsen tukakaa saa tano kwenye foleni, watoto wanalia, hakuna choo, mwisho tukarudishwa Malindi na nauli haikurudi. Tangu siku hio msimu wa mvua nikitoka Mombasa nalala Malindi kwanza, asubuhi naskiza hali ndo naendelea. Na nyinyi wa kutoka Nairobi kwa basi fanyeni hivyo, usiku mmoja Malindi hauna hasara, utakula vizuri na utafika Lamu mchana ambapo unaona unapokanyaga.

Kitambulisho kiweke mfuko wa shati si ndani ya begi, kuna vizuizi vya polisi kadhaa na mara nyingi mnashukishwa mnapanga laini mnakaguliwa, mvua inanyesha ama hainyeshi. Koti la mvua liwe juu, si chini ya kiti. Saa nyingine magari yanasindikizwa kwa msafara, kwa hio muda wa kufika usimwahidi mtu.

Mokowe unashuka garini unaingia boti. Hapa ntakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Kuna boti za abiria na kuna spidi boti, zote zinafika, ila wakati wa kusi usiingie boti ambayo imejaa mpaka ukingo uko karibu na maji hata kama nahodha anakwambia kaa hapa kuna nafasi, ngoja inayofuata, haikawii. Omba jaketi ya kujiokolea na uivae, usiikalie. Mlango wa Mokowe una mikoko pande zote na maji yake ni ya upole kuliko bahari kuu, lakini upepo ukija na mvua ya mshazari watu wote wanahamia upande mmoja kujikinga na hapo ndo boti linalala. Kaa katikati, lowa. Nguo zitakauka.

Ndo maana nakwambia funga mizigo vizuri. Na msije na mifuko ya plastiki ya kufungia vitu, ilipigwa marufuku Kenya nzima tangu Agosti 2017, kuna faini kubwa. Tafuta begi la mpira lile la kukunja mdomo, ama ndoo ya mfuniko ya lita kumi, mimi natumia ndoo na sioni haya, simu, chaja, pawabanki, dawa na karatasi zote zinaingia humo, na ukifika mjini ndoo inakuwa kiti.

Chumba. Hapa ndo watu wanapoteza pesa zaidi. Disemba kila mtu anataka chumba cha juu kabisa chini ya makuti, upepo unapita unaona bahari, ni kweli ni pazuri. Mei chumba hicho hicho mvua inaingia ubavuni. Kusi haileti mvua ya kushuka wima, inaleta ya kupiga kwa mshazari, na baraza la juu lisilo na ukuta linakuwa bwawa. Omba chumba cha ghorofa ya kati kwenye nyumba ya mawe ya zamani. Zile kuta za matumbawe na chokaa ni nene sana, zinakata kelele za upepo na ndani kunakuwa na utulivu fulani sijui niuelezeje, unasikia mvua kama iko mtaa wa pili. Alafu uliza maswali haya kwa simu kabla hujatuma hela: makuti yalibadilishwa lini? Panavuja? Kitanda kiko mbali na dirisha? Stima ikipotea mna jenereta ama sola? Kama maji ya moto ni ya sola basi siku za mawingu utaoga baridi, si tatizo bora ujue. Mwenye nyumba mwaminifu atakwambia pale panavuja kidogo lakini tunaweka ndoo. Anayekwambia hapavuji hata tone mwezi wa tano, mwulize tena.

Na jueni baadhi ya hoteli, hasa upande wa Shela, hufunga kabisa Mei mpaka katikati ya Juni, ndo wakati wanaezeka makuti upya na kupiga chokaa. Kwa hio usije ukitegemea utaingia tu. Lakini zile gesti ndogo za mjini, Mkomani na Langoni, ziko wazi mwaka mzima, na bei ya Mei wanaweza kukuteremshia sana hasa ukikaa wiki nzima. Zungumza bei kwa heshima, usimbane mtu mpaka mwisho, msimu huu ndo wana njaa, manahodha hawaendi, wapishi wamesimamishwa, hio elfu moja unayopigania wewe ni unga wa nyumba ya mtu.

Nguo leteni nyepesi zinazokauka haraka, jinzi iache kwako, ikilowa Jumatatu utaivaa Ijumaa na itakuwa inanuka. Mimi nabeba vikoi viwili na leso moja kubwa ya kujifuta. Wanawake leso tatu hazitoshi, leteni nne. Mabega na magoti yafunikwe mkiwa mjini, mji huu una misikiti zaidi ya 20 na watu ni wastaarabu, hawatakwambia kitu lakini wataumia. Viatu: malapa ya mpira yenye meno chini. Makubadhi ya ngozi nunua lakini yafunge uende nayo nyumbani, usiyavae kwenye maji. Viatu vya michezo vikilowa havikauki kabisa na vitakupa ukungu wa miguu.

Mwavuli acha. Nasema kweli, vichochoro vya Lamu pengine watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu, sasa mwavuli unapita wapi, na kusi ikiukamata pale kwenye kona za pwani inaupindua saa hio hio. Koti la mvua jepesi lenye kofia linatosha.

Kutembea mvuani kuna namna yake. Mji umejengwa kwenye mteremko, juu kule kwa Riyadha na chini ni baharini, kwa hio maji yote ya mvua yanateremka kwenye vichochoro kuelekea pwani, na yanapita na kila kitu kilichokuwa njiani, mavi ya punda pamoja. Mvua ikianza kubwa usitembee, ingia barazani kwa mtu, sema salaam aleikum, kaa. Hakuna atakayekufukuza, ndo kazi ya baraza hio. Ngoja robo saa baada ya mvua kukatika maji machafu yapite yote, alafu mitaro imetulia utembee. Angalia juu pia, paa za zamani zina mifereji inayotoka nje na kumwaga maji katikati ya kichochoro, mvua imekwisha dakika kumi na bado inamwaga. Punda akija na mchanga ama matofali wewe ndo unampisha, simama kwenye mlango, manake yeye akiteleza na mzigo ule anaumia vibaya, na mchunga amekuwa akipiga kelele "punda! punda!" tangu kona ile.

Na mvua yenyewe si ya kutwa kama mnavyofikiri. Mara nyingi inashuka usiku na alfajiri, unaamka inapiga makuti, saa tatu inakatika, saa nne jua linatoka na mji mzima unafuka mvuke na kuta za matumbawe zimekuwa na rangi ya asali. Hio saa nne mpaka saa saba ndo yako. Fanya mambo ya nje hapo. Zikija siku zile mbili tatu za mvua isiyokatika, usipigane nayo.

Siku kama hizo anza na mahamri na mbaazi za nazi kwenye mkahawa wowote wa Usita wa Mui, ile njia kuu inayopita sambamba na pwani. Ukisikia mtu anakuita "ndoo" usidhani anataka ndoo ya maji, ni njoo ya Kiamu, na "ndia" ni njia, na mui ndo huo mji. Kula taratibu. Alafu nenda ngomeni, ilianza kujengwa 1813 ikamalizwa 1821, ilikuja kuwa jela mpaka 1984, na mvua ikinyesha ule uwanja wa ndani ni mzuri sana kukaa pembeni ukitazama. Wakati wa Disemba unapita humo na makundi ya watu, Mei unaweza kukaa saa nzima peke yako na mlinzi anakuja kukupigia hadithi. Makumbusho ya pwani yana masiwa mawili makubwa, yaani baragumu, la Lamu la shaba na la Pate la pembe ya ndovu, yale yalikuwa yanapigwa kwenye sherehe za wakubwa, na kwa maoni yangu ukija Lamu bila kuyaona umepunja safari yako. Kuna nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa, uone zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na daka, kile kibaraza cha mlangoni, na jinsi vyumba vinavyofuatana kwenda ndani zaidi na zaidi, na posta ya Wajerumani iliyofanya kazi 1888 mpaka 1891. Zote hizi ni mwendo wa dakika chache kutoka moja mpaka nyingine, unakimbia baina ya manyunyu.

Lakini mimi bora zaidi napenda kwenda kukaa kwa mafundi. Msimu wa watalii fundi wa kuchonga milango hana nafasi ya kuzungumza na wewe, ana oda. Mwezi wa tano, sita, ameketi ndani ya karakana yake mvua inanyesha mlangoni, anachonga taratibu, ukimletea kahawa na kipande cha halwa atakufundisha kutofautisha ua la mlango wa zamani na hili la kisasa, na atakwambia mbao gani inavimba kwa mvua na ipi haivimbi. Vivyo hivyo washona kofia. Kofia ya Lamu ya mkono inashonwa tundu kwa tundu, inachukua wiki nyingi, na wengi wanaishona barazani wakisubiri mvua. Ukitaka kununua huu ndo wakati, si kwa ajili ya bei tu, unamjua aliyeishona. Mji huu UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, lakini urithi wenyewe ni hawa watu na mikono yao, na mvua ndo inakukalisha nao.

Chakula: samaki wakati wa kusi ni ghali na si kila siku wapo, wavuvi wa ngalawa na mashua ndogo hawawezi kutoka nje ya miamba, kwa hio usikasirike ukiambiwa leo hakuna. Kula kaa wa mikoko, kula maharage ya nazi na mkate wa mofa wa moto, jioni viazi karai, mishkaki na bajia pale karibu na ngome, alafu kahawa chungu ya tangawizi. Mwezi wa baridi hio kahawa ina maana yake. Juisi baridi zingoje kaskazi.

Bahari sasa. Kutazama jedwali la maji ni muhimu kuliko kutazama programu ya hali ya hewa kwenye simu, mimi hio ya simu nshaiacha, ina picha ya wingu kila siku. Muulize nahodha yeyote leo maji vipi, bamvua ama mafu. Bamvua ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa sana kwenye saa kumi ama kumi na moja alfajiri na alasiri, na yanakupwa sana asubuhi saa nne, saa tano. Mafu ni siku za kati, hayajai sana wala hayakupwi sana. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Ukijua hivyo tu unaweza kupanga wiki nzima.

Kwenda Shela kwa miguu ni kilomita tatu hivi, dakika 40, mzuri sana maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa na kusi inavuma yanapiga mpaka ukutani, sehemu nyingine unalowa kifuani, kwa hio nenda yakikupwa na kama yatajaa kabla hujarudi chukua boti ama boda boda. Ufuo wa Shela umeelekea bahari kuu, ndo unaopigwa na kusi, mawimbi ni makubwa na mkondo pale mlangoni ni mkali. Tembea, ni kilomita kumi na mbili za mchanga na utakuwa peke yako, ila kuogelea usitoke mbali, na kama vijana wa pale hawaogelei siku hio basi na wewe usiogelee. Vilima vya mchanga vya nyuma pale si mapambo tu, mvua inazama ndani yake na ndo maji ya visima tunayokunywa mjini, kwa hio msipande na pikipiki wala kutupa takataka, tafadhali sana.

Kupiga mbizi Manda Toto, kile kisiwa kidogo, sahau, wakati huu maji yamechafuka huoni kitu na njia ya kufika ina mawimbi. Badala yake muombe nahodha akupeleke upande wa ndani, Matondoni, kule nyuma ya kisiwa ambako kusi haifiki vizuri. Wanaunda majahazi kule, na msimu bahari imechafuka ndo vyombo vingi viko juu nchi kavu vinapigwa kalafati, yaani kuzibwa nyufa, na kupakwa mafuta, utaona zaidi kuliko Disemba. Takwa pia, upande wa Manda, unaingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, lakini ni maji yakijaa tu, ukichelewa boti inakwama kwenye tope na mtalala na mbu. Ondoka masaa mawili kabla ya maji kujaa. Ni mji uliohamwa karne ya 17, msikiti wake umebaki na nguzo juu, na nje kuna kaburi la nguzo lenye tarehe inayoangukia 1681 ama 1682. Watu wa Shela, ambao asili yao ni hapo Takwa, huenda kuzuru na kuomba mvua. Nilipolijua hilo nikiwa kijana nilifahamu kwa nini khalati hakuwahi kuniruhusu kulalamika kunyeshewa.

Mbu wapo na si wa usiku tu. Malaria ipo pwani yote, kwa hio chandarua kikaguliwe matundu kabla hujalala, beba sindano na uzi, mimi hushona mwenyewe. Na 2004 Lamu ilipigwa na chikungunya vibaya sana, nyumba nzima nzima watu wamelala hawawezi kushika kikombe kwa maumivu ya viungo, na mbu wake anauma mchana na anazaliana kwenye maji ya kuhifadhiwa ndani ya nyumba, mapipa na ndoo. Kwa hio mafuta ya mbu pakaa asubuhi pia, na ukiona pipa halina mfuniko mwambie mwenye nyumba kwa adabu. Nyumba za zamani waliweka samaki wadogo ndani ya birika, lile tangi la maji la ndani, ili wale viluwiluwi vya mbu, ukiwakuta usiwatoe. Ukipata homa usinunue vidonge dukani ukalala, hospitali ya King Fahd iko upande wa kusini mwa mji, nenda ukapimwe.

Kurudi: acha siku moja ya akiba mwishoni, usipange kurudi Jumapili na kazi ni Jumatatu. Usiku wa kuamkia safari uliza barabara tena, manake wiki moja ni nyingi kwa Tana. Mabasi yanatoka Mokowe alfajiri mapema na boti ya kukuvusha lazima uagane nayo jana yake, mwambie nahodha saa, mpe namba ya simu, na ukae tayari barazani chini na mzigo wako umefungwa. Halwa inunue siku ya mwisho, iweke ndani ya ile ndoo.